Herufi ya Mwisho Ilivyoezeka Shule Yetu

Harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, zinazoanza kuchachuka ndani ya mtumbwi wa mti, hunikuta mpaka leo nikipita nyuma ya nyumba za mtaa wetu hapa Butembo. Ni harufu tamu, nzito, yenye ukali kidogo puani, na anayeijua anaijua: kesho kutwa kutakuwa na kasikisi. Mimi ni Mwislamu, binti wa Mwislamu, na pombe hiyo ya ndizi sijawahi kuionja hata tone. Lakini nikiinusa husimama na kucheka peke yangu njiani, kwa sababu harufu hiyo ndiyo iliyonifundisha neno la Kiingereza gumu kuliko yote niliyowahi kuyatamka. Acha niwasimulie.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikiishi Beni, katikati ya miaka ya uasi. Wazee wetu walikuwa wakizungumzia uhuru kama watu wanaokumbuka harusi waliyoalikwa zamani, chakula kilikuwa kingi, muziki ulikuwa mzuri. Sisi watoto tulijua vizuizi vya barabarani, na tulijua kutofautisha mlio wa bunduki ya mbali na wa karibu. Nchi ilikuwa imekatika vipande, na mishahara ya walimu ikabaki upande wa pili wa vita.

Prof Mukendi, mwalimu wetu wa Kiingereza, alikuwa mtu wa Kasai, mkoa wa mbali. Alitumwa Beni kabla ya vita, vita vikamfungia humo humo. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alikuwa na suruali mbili tu, ya kijivu na ya kahawia, ambazo alizipiga pasi ya makaa mpaka zikang'aa magotini. Wazazi walimlisha kwa zamu. Jumatano ilikuwa zamu yetu, na mama alimpikia sombe ya majani ya muhogo na samaki wa chumvi, naye akala polepole kwa heshima, akiuliza habari za kila mtoto wa nyumba kwa jina lake.

Shule yetu haikuwa na paa. Watu wenye silaha walilala madarasani mwetu kwa miezi, na walipoondoka, mabati nayo yaliondoka. Tulisoma chini ya maturubai yaliyotobokatoboka. Wingu jeusi likitokea upande wa milima ya Ruwenzori, prof alifunga daftari lake katikati ya sentensi na kusema, "Bon, batoto, kimbieni." Msimu wa mvua tulisoma siku mbili kwa juma, pengine tatu.

Na shule nzima ilikuwa na kamusi moja ya Kiingereza. Siku moja uti wake ulikatika, kurasa zikamwagika sakafuni kama manyoya ya kuku. Prof alizitazama kwa muda, kisha akaamua. Angeigawa. Kila mwanafunzi angepewa fungu lake, alinakili kwenye daftari, alijifunze, na kila Ijumaa awafundishe wenzake maneno aliyoyapata. Alifuata orodha ya darasa, akihesabu kurasa kwa kidole alichokilamba. Kambale akapewa fungu nene kama tofali. Masika akapewa jingine, naye akalikumbatia. Mimi naitwa Zaituni, na kwenye orodha nilikuwa wa mwisho tangu nilipoanza shule. Wa mwisho kupewa chaki, wa mwisho kupewa kiti. Prof aliponifikia alikuwa na karatasi mbili mkononi, na ganda la nyuma la kamusi.

Darasa liliangua kicheko. Prof mwenyewe alikuwa amekosea hesabu, nilimwona akikuna kichwa.

"Zaituni, nakupa na ganda," akasema. "Lakini kazi ni ile ile. Yako yote, uijue yote."

Nililia njia nzima. Lakini jioni, nilipozitandaza karatasi zangu juu ya mkeka, nikaona jambo ambalo Kambale na tofali lake hangeweza kuliona: hizi ningeweza kuzimaliza. Karatasi mbili, pande nne, maneno yote yanaanza na Z. Kesho yake nikaanza.

Mengine yalikuwa rahisi. Zebu ni ng'ombe mwenye nundu, na ng'ombe hao niliwaona kila juma wakishushwa kwenye malori yaliyotoka Ituri kupitia Eringeti. Sikujua tu kwamba wana jina zuri hivyo. Zephyr ni upepo mwanana, nao ulitupitia kila alasiri bila kujitambulisha. Zax lilinichekesha kwa ufupi wake: ni chombo cha kukatia vigae vya kuezekea nyumba. Nikafikiri, ajabu, sisi hatuna paa, na Waingereza wana hata jina la kisu chake.

Zarf lilinitesa. Kamusi ilisema ni kishikio cha kikombe cha kahawa kisicho na mkono, nami sikuelewa kikombe hukosaje mkono. Nikampelekea Maalim Saidi aliyetufundisha Kurani. Akalisoma kwa sauti, akavua miwani, uso ukang'aa.

"Hili ni neno la Kiarabu, mwanangu. Maana yake chombo, kitu cha kutilia kitu. Waingereza walilipata wapi hili?"

Alilitaja msikitini wiki nzima, kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Halafu likaja lile la mwisho, chini kabisa ya ukurasa wa nne: zymurgy. Maana yake, elimu ya uchachushaji wa pombe. Kulitamka sikuweza, na kulielewa sikuweza, basi nikafanya alivyotuagiza prof: ukikwama, nenda ukaone kwa macho. Jirani yetu Mama Kavira alikuwa akitengeneza kasikisi. Nilikwenda kwake alasiri tatu mfululizo na daftari langu. Alinionyesha namna ndizi zinavyofukiwa zipate kuiva, zinavyokamuliwa kwa majani, na namna mtama uliokaangwa unavyotiwa ili juisi "iamke", kama alivyosema. Nilitega sikio kwenye mtumbwi nikasikia inachemka bila moto. Nilirudi nyumbani nikinuka ndizi hadi kwenye kitambaa cha kichwa.

Baba alikuwa na lori, akibeba mizigo kati ya Beni, Butembo na Kirumba. Alikuwa mpole, lakini harufu ile ilimfikia kabla yangu. Hakunipiga wala hakunipigia kelele. Alivaa kofia yake, akanishika mkono nikiwa na daftari langu, tukaenda moja kwa moja kwa prof.

"Prof," akasema mlangoni, bila hata kuamkia, "ulisema unafundisha mutoto wangu Kiingereza. Sasa naona unamufundisha pombe."

Prof aliniangalia, akaangalia daftari. Akasoma kurasa zangu zote mbili za maelezo ya Mama Kavira, pamoja na mchoro wa mtumbwi. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimpa baba kiti chake cha pekee, yeye akakaa chini.

"Papa Zaituni, samahani. Mimi ni mwenye kosa, nilimutuma. Hapana pombe anasoma. Anasoma neno. Niko mwalimu miaka kumi na mbili, hakuna mutoto alinifanyia kazi kama hii."

Baba alilitazama daftari lile. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na hilo neno linasemwaje?"

Prof akalitamka. Baba akalijaribu, likamshinda. Wakalijaribu wote wawili, wakicheka, na tuliporudi nyumbani baba alikuwa bado analinong'ona barabarani.

Miezi michache baadaye wafanyabiashara wa Butembo wakatangaza shindano la Kiingereza. Bidhaa zao zilipitia Uganda na karatasi zake zote zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo walitaka vijana wakijue. Shule zote za Beni na Butembo zilialikwa, wanafunzi watatu kwa kila shule, na watakaoshinda wangepewa mabati ya kuezekea shule nzima. Nilipolisikia neno hilo, mabati, niliyatazama matundu ya maturubai yetu.

Prof aliwachagua Kambale, Masika na mimi. Darasa lilinung'unika. "Zaituni anajua herufi moja tu," Kambale akasema mbele yangu. "Atatuangusha." Sikumjibu, maana ilikuwa kweli kwamba nilijua herufi moja. Fungu lake yeye lilikuwa limekwisha kufungia mandazi ya mama yake, lakini hilo nalo sikulisema.

Tulikwenda kwa lori la baba, tumekaa juu ya madumu ya mawese, na dumu moja lilivuja. Nilishuka Butembo na doa jekundu mgongoni kwenye shati langu jeupe, kubwa kama sahani. Masika alijaribu kulisugua kwa mate, likazidi kupanuka. Basi nikaingia ukumbini nikitembea ubavu ubavu, uso kwa watu, mgongo kwa ukuta.

Ukumbi ulijaa. Kufika saa tisa zilikuwa zimebaki shule mbili, yetu na moja ya pale Butembo, na pointi zetu zilikuwa sawasawa. Waamuzi wakatangaza duru ya mwisho. Kila shule itoe mtu mmoja. Herufi itachaguliwa kutoka kikapuni. Wawili hao wataje neno linaloanza na herufi hiyo pamoja na maana yake, kwa zamu, na atakayekaa kimya mpaka hesabu ya kumi ameshindwa.

Wao wakamtoa Muhindo, kijana aliyevaa tai, aliyesoma Uganda miaka mitatu. Kwetu Kambale alikuwa amekwisha kusimama, shati limechomekwa. Mama mmoja wa soko aliyepewa heshima ya kuchagua akatia mkono kikapuni, akatoa kijikaratasi, akakigeuza huku na huku kwa kuwa hakujua kusoma, akampa mwamuzi.

"Zed," akasoma mwamuzi.

Ukumbi ukaguna. Kambale akageuka, akanitazama. Sijasahau uso wake. Alikaa chini taratibu, akasema, "Enda, dada yangu." Nikasimama. Nikasahau doa, na watu wa nyuma wakaliona wakacheka, nami sikujali tena.

Muhindo akaanza: zebra. Nikasema zebu. Yeye zero, mimi zeal, ari ya moyo. Yeye zoo, mimi zephyr. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akasema zone, nikasema zinc, na mwamuzi aliponiuliza maana yake nikamjibu, "Ni madini wanayopaka mabati, hayo tuliyoyafuata hapa." Watu wakapiga makofi mpaka mwamuzi akagonga meza.

Akasema zip. Nikasema zarf.

"Hakuna neno hilo!" Muhindo akapaza sauti. "Anajitungia!"

Mwamuzi akafungua kamusi yake kubwa, akapitisha kidole. Nilimwona prof amesimama mlangoni katika suruali ya kijivu, amefumba macho. Kidole kikasimama.

"Lipo," akasema mwamuzi. "Kishikio cha kikombe. Mimi mwenyewe sikulijua."

Muhindo akatafuta, jasho likimtoka, akapata zigzag. Nikasema zax. Wakaanza kumhesabia. Kwenye saba akafungua mdomo, kwenye tisa akaufunga. Kumi.

Lakini kanuni ilisema mshindi aongeze neno moja. Nilikuwa na moja tu kichwani ambalo lilinitaka nilitamke. Nikavuta pumzi nikalisema lote, bila kukwama popote.

"Lieleze kwa Kiswahili, watu wasikie," akasema mwamuzi.

"Ni elimu ya kutengeneza kasikisi," nikasema.

Sijui kama mmewahi kusikia ukumbi wa Wanande, wenyeji wa Beni na Butembo, ukicheka kwa pamoja. Viti vilianguka. Wamama walipiga vigelegele, mzee mmoja alisimama akadai kwamba basi yeye ni profesa. Na katikati ya kelele hizo nilimwona baba juu ya benchi, kofia mkononi, akiwaambia asiowajua kwa sauti kubwa, "Ni wangu! Yule mutoto ni wangu! Hata yeye hanywi!"

Tulirudi siku hiyo hiyo na sehemu ya kwanza ya mabati, yakipiga kelele nyuma ya lori kila tulipokanyaga shimo. Baba alipiga honi katika kila kijiji. Kwenye kizuizi askari akauliza, "Munabeba nini?" Baba akamjibu, "Nabeba bashindi," na askari, sijui kwa nini, akafungua kamba.

Tulipoingia Beni honi haikunyamaza tena. Watu wakatoka majumbani mbio. Nakumbuka bibi mmoja aliyekuja mpaka kwenye lori, mikono kichwani, akiuliza, "Nani amekufa? Nani amekufa?" Kambale akainama kutoka juu akamwambia, "Hapana, nyanya, hakuna mutu amekufa. Tumeshinda." Bibi hakuelewa. Akarudia kuuliza, naye akarudia kumjibu, mara tatu, mpaka bibi akashusha mikono, akaketi chini ukingoni mwa barabara, akalia na kucheka kwa wakati mmoja.

Mimi nilidhani wanafurahia Kiingereza changu, na nilijivuna mwezi mzima, mama akachoka nami. Nilikuwa nimekwisha kuwa mama wa watoto wawili nilipomkumbuka bibi yule siku moja nikaelewa nini kilichompata. Miaka yote ile, lori likija kwa honi na watu wakikimbia, lilikuwa linaleta maiti au linaleta habari ya watu wanaokuja kuua. Hakuwahi kuona mkusanyiko wa aina nyingine. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, Beni ilitoka mbio majumbani na haikuwa inakimbia chochote.