Vidonge vya Placida

Deodatha alikuwa tabibu wa zahanati moja huko Nyakasimbi, na watu walimjua kwa ukali. Mgonjwa wa presha aliyeacha dawa alipata maneno yake mbele ya foleni nzima. Yeye aliamini hofu ndiyo inayomweka mtu hai.

Placida, mjane mwenye kibanja cha migomba na kahawa, aliwahi kumweleza kwamba akimeza vile vidonge anashikwa na kizunguzungu. Nusura aangukie panga akikata mkungu. Deodatha akamuuliza kama anataka kufa awaachie watoto mzigo. Tangu hapo Placida alikuwa na jibu moja tu: "Nameza, daktari." Presha haikushuka. Deodatha akamwongezea dawa, kisha nyingine tena.

Kiharusi kilimkuta shambani. Hakuamka.

Matangani, binti yake Kemirembe alimwita tabibu nyuma ya nyumba, akampa kopo lililojaa vidonge vilivyokuwa bado ndani ya vifuko vyake.

"Mama aliogopa kukuudhi," alisema. Hakulaumu, na upole huo ndio uliomkata Deodatha maini.

Ikawa kila anayesema "nameza", sauti ni ya Placida. Ilitoka vinywani mwa vijana na wazee, wanaume kwa wanawake. Deodatha alinyanyua macho upesi, akakuta mtu mwingine kabisa benchini. Aliomba uhamisho, kisha akaghairi; aliona huko nako itamfuata.

Akaanza kuwaita wagonjwa mmoja mmoja, mlango umefungwa, na kabla ya kupima chochote akawauliza dawa zinawatesaje. Wengi walimtazama kama mtu anayewatega. Wa kwanza kumwamini alikuwa mzee Rweyemamu wa Kiruruma.

"Mwanangu, mimi simezi," alisema. "Vinanikimbiza chooni katikati ya ibada."

Ulimi wa Deodatha ulitaka kufoka. Akauuma. "Ahsante kwa kuniambia, mzee."

Wakapanga upya pamoja: dawa nyingine, na saa ya kumeza aliyoichagua mzee mwenyewe. Miezi ikapita, presha yake ikatulia.

Si wote waliofunguka. Adventina, mshonaji wa Omurushaka mwenye kisukari, alizidi kudhoofu huku akitabasamu na kuitikia "nameza" kwa kila swali. Deodatha hakumkaripia. Siku moja alimsindikiza hadi barabarani, wakasimama kungoja gari. Gari lilipofika, Adventina alimpa mkono wa kuaga, na tabibu akajikuta hathubutu kuuachia mkono wake.