Gari Bovu Linauzwa, Halikatwi

Tangazo niliandika kwa mkono wangu, kwa rangi nyeusi juu ya kipande cha plaiwudi, nikakipigilia misumari kwenye ukuta wa nyumba aliyotuachia mama, pale Mwembesongo, upande unaotazama barabara. Lilisema hivi: "Gari dogo linauzwa. Haliwaki. Sakafu upande wa abiria imetoboka. Gia ya tatu inaruka. Breki ya nyuma kulia haishiki. Kabureta imekufa. Injini haijawahi kufunguliwa. Anayetaka kulifufua abishe hodi. Anayetaka kulikata apite zake."

Wacha watu wacheke! Wauza nyanya walicheka, wapita njia walisimama kusoma kwa sauti, na jirani mmoja, mwalimu mstaafu, mtu mzima na heshima zake, alivuka barabara kuja kunishauri.

"Mama, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema. "Sasa wewe kibaya chako unakitembeza na magonjwa yake yote umeyataja."

Nikamwambia nimekaa stoo ya kiwanda miaka kumi na tatu nikiandika kilichopo na kisichopo, na sijawahi hata siku moja kuandika kwamba kisichopo kipo. Sianzi leo kwa sababu ya gari.

Fundi wa gereji ya jirani naye akaja na maarifa yake. Nimpe siku mbili tu, alisema. Kutu angeziba kwa puti, bodi angelipiga rangi liwake, na kwenye gia boksi angetia maganda ya ndizi mbivu ili isipige kelele mpaka mnunuzi afike njia panda ya Msamvu. Baada ya Msamvu, shauri yake.

"Ndizi kwetu tunakula," nikamjibu. Alininunia wiki nzima.

Mnisamehe ukali. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu ruksa, soko huria, na mimi ruksa ilinikuta kwa namna yangu: kiwanda kilitafutiwa mwenyewe mpya, sisi tukapunguzwa. Nilipewa kiinua mgongo na barua ya kunishukuru yenye makosa ya tarehe. Nikaamua kununua vyerehani viwili na kujenga banda la ushonaji uani, mahali lilipokaa gari. Kwa hiyo kuondoka, gari lilikuwa liondoke. Hilo sikubishana na mtu. Ugomvi wote ulikuwa juu ya namna ya kuondoka.

Mjomba ndiye aliyetaka likatwe. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti ndani ya ukoo ni mjomba. Baba anakuzaa, mjomba anakusemea. Nyumba ile ilikuwa ya mama, kwa hiyo mjomba, ingawa aliishi juu milimani Matombo, akitia mguu uani kila mtu anashusha sauti. Alinipa muda mpaka masika yaanze. Mvua ya kwanza ikinyesha kabla sijapata mnunuzi, anamwita mtu wa vyuma chakavu, gari linakatwa vipande na kupimwa kwenye mizani.

Nikamwambia haliendi kwenye mizani. Akasema tutaona.

Sasa mtu ataniuliza, gari bovu, kelele zote hizo za nini? Basi nieleze. Lilikuwa gari la Kiingereza la milango miwili, rangi ya maziwa, dogo kiasi kwamba mtu mrefu alipanda kwa kujikunja. Nililinunua mwenyewe, kwa mwalimu wa kigeni wa shule ya Kilakala aliyekuwa anarudi kwao, miaka ambayo kupata gari ilikuwa mpaka kibali na kujuana. Mtaani kwetu hapakuwa na mwanamke mwingine mwenye usukani. Wanaume walikuwa wakiniona wanaweka mikono kichwani, eti jamani, jifichieni watoto. Nilijifunza nikiwa na zaidi ya miaka thelathini, na siku niliyofaulu mtihani askari aliyenipima aliniuliza mume wangu anasemaje. Nikamwambia leseni ni yangu, mume umtafute wewe.

Mama alipougua huko Matombo, ni gari lile lililomfuata. Kwenye vilima vya Mkuyuni lilichemka mara tatu, mara tatu nikashuka kwenda mtoni na kidumu. Mama kalala kiti cha nyuma, homa imempanda, ananiambia, "Mwanangu, gari lako lina adabu, linapumzika kila likiona wazee." Tulifika hospitali, akapona, akaishi miaka minne zaidi. Na gari lile aliliita letu, si lako. Nililipenda, nasema wazi. Baadaye yakaingia magari ya Kijapani yaliyotumika, yenye redio na ubaridi ndani, na ghafla langu likakosa spea, likakosa fundi, likakosa hata mtu wa kulitukana kwa heshima.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi. Jumamosi asubuhi mjomba akawa uani na kanzu yake na fimbo yake, pamoja na mtu wa vyuma chakavu, mtungi wa gesi, na wasaidizi wawili wanaojua kukata. Nilikwenda moja kwa moja nikafungua mlango, nikakaa kwenye usukani, nikafunga. Wakanitazama kupitia kioo. Nilikuwa na kanga moja tu na mswaki mdomoni, lakini nilikaa.

"Toka, mwanangu," mjomba akasema.

"Shikamoo mjomba. Sitoki."

Watu walishajaa. Mjomba ni mtu wa maneno, akiona watu hawezi kunyamaza. Akageukia umati, akainua fimbo, akasema kwa sauti ya kuhutubia: "Jamani, mpwa wangu ana huzuni, tumwelewe. Lakini gari hili ni marehemu. Tumelilia vya kutosha. Leo tunalizika."

Mzee mzima! Mtu anayewafundisha wengine mila! Akatamka neno hilo huku bibi wa watani wetu kasimama hatua tano tu kutoka kwake, na sahani ya vitumbua mkononi.

Kwa asiyejua: kila ukoo wetu una ukoo wa watani wake. Mtani ndiye anayekuzika. Ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayemwigiza marehemu mpaka watu wanacheka katikati ya kilio, na akikamata kitu msibani hakiguswi mpaka kikombolewe. Na mtani hanuniwi, aseme atakalosema. Bibi yule aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kila asubuhi alipita kunipa pole ya mgonjwa, akimaanisha gari.

"Uuuwi!" alipiga yowe. Vitumbua vikaenda chini. "Amekufa lini, na sisi watani hatukuambiwa?"

Akavua kanga ya mabegani, akaitandaza juu ya boneti, akajilaza juu yake na kulia kilio cha msibani kabisa. Kisha akainuka akaanza kuliigiza gari: akakohoa, akaruka kwenye gia ya tatu, akapanda kilima kinyumenyume, akasimama kuomba maji. Uani pote watu wanashika mbavu. Mmoja wa wale wakataji alikaa chini kabisa. Mimi mle ndani nilicheka mpaka povu la dawa ya meno likanipalia, na huku nimekasirika.

Bibi alipomaliza kuigiza alimsogelea mjomba uso kwa uso. "Maiti hii ni yetu. Muikomboe kwa mbuzi, halafu tuhesabu arobaini. Nani anatoa vitu vya marehemu matanga hayajaanuliwa?"

Mjomba akasema alikuwa anatania tu.

"Anayetania ni mimi! Wewe umetangaza msiba."

Akajaribu kuku. Bibi akamwambia kuku akampikie mkewe, huenda akanenepa. Nilimwona anavyopiga hesabu kichwani. Akiwavunjia watani haki yao mbele ya mtaa mzima, siku yake ikifika atachimbiwa kaburi na nani? Na kwa umri wake yale hayakuwa mambo ya mbali. Mwisho akapiga fimbo chini. Mbuzi hana, alisema, lakini arobaini zao wazipate. Siku ya arobaini na moja gari linakatwa, na asiitwe mtu mkaidi. Mtu wa vyuma chakavu akabeba mtungi wake na kuondoka akiguna.

Jioni nilimpelekea bibi kilo ya sukari. Akaipokea, akanikatiza shukrani. "Sikufanya kwa ajili yako. Mjomba wako ana majivuno. Na gari lako baya kweli."

Zikaanza kuhesabika siku. Kumi, ishirini, thelathini. Walikuja waliotaka milango tu, aliyetaka viti akaweke sebuleni, na mmoja aliyetaka injini aifunge kwenye mashine ya kusaga. Wote niliwaonyesha tangazo na kidole changu kwenye mstari wa mwisho. Usiku nilikuwa nalala vibaya, siwadanganyi. Vyerehani vilikuwa vimeshafika, vimerundikwa chumbani kwangu, na mimi nalala kati yake nikijiuliza kama si kiburi tu.

Siku ya thelathini na tano akaja mzee mmoja wa miwani iliyofungwa kwa uzi, mstaafu wa kiwanda cha Mzinga, mkereza vyuma, mtu wa kuchonga vipuri kwa mashine. Alisoma tangazo mara mbili kabla ya kubisha hodi. Nikamwamkia, akaitika, akatandika gunia na kuingia chini ya gari. Alikaa huko mpaka adhuhuri. Alipotoka, alijifuta mikono na kusema, "Umesahau moja. Bushi za mbele zimekwisha."

Nikaenda ndani kuchukua rangi na brashi, nikaongeza kwenye tangazo: "Bushi za mbele zimekwisha." Akanitazama nikiandika mpaka nikamaliza.

"Spea hazipatikani," nikamwambia, maana sikutaka aje kunilaumu.

"Spea za nini? Mashine ya kukereza ninayo nyumbani. Kilichotengenezwa na mtu kinatengenezwa na mtu." Kisha akasema, "Mjini humu kila gari ninaloonyeshwa ni zima. Nimechoka na magari mazima." Tulipatana bei siku ileile, na haikuwa ya kilo.

Siku ya thelathini na nane alikuja na pikapu na kamba. Mjomba naye alikuwa ameshashuka kutoka mlimani, habari zimemfikia. Kasimama pembeni ya kisima. Dereva wa pikapu akataka mwenzake akae kwenye usukani wa gari langu wakati wa kuvutwa. Nikamwambia usukani nashika mimi mpaka lifike kwa mzee. Yule mzee mkereza akasema, mwacheni.

Lakini mvua zilikuwa zimelainisha udongo, magurudumu yamezama nusu. Pikapu ilivuta, kamba ikakaza, gari halikusogea. Wanaume wanne wa mtaani wakaja nyuma kusukuma, wakateleza, wakacheka, wakajaribu tena. Lilisogea kidogo, likarudi. Palikuwa na nafasi ya mtu mmoja zaidi. Nikatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Sukuma."

Mjomba alinitazama, nami sikushusha macho. Kisha akamkabidhi bibi mtani fimbo yake, akapandisha kanzu akaifunga kiunoni, akaja nyuma akaweka mikono miwili kwenye buti. Nikasikia pumzi yake, nikasikia wanaume wanahesabu, na gari likatoka kwenye matope kwa mkupuo mmoja. Nikakunja kona kuingia barabarani, wala sikusimama kumshukuru.