Mahindi Niliyoyaonea Huruma

Mjukuu wangu, keti kidogo. Magoti yangu leo hayataki hata kunifikisha kanisani, na habari hii nimechoka kuisimulia, maana kila nikiigusa inaniuma palepale. Lakini jana nilipita shambani kwako nikaona kitu, basi sina budi.

Siku yenyewe naikumbuka kama jana. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, kiangazi kinaelekea ukingoni huku milimani juu ya Ilula. Ndevu zangu ndiyo kwanza zilikuwa zinachomoza, na nilikuwa nimeposa binti wa ng'ambo ya mto, Anna. Nilikuwa na kinyungu changu, yale matuta tunayolima bondeni wakati mlimani kumekauka. Wenzangu walipanda maharage na njegere. Mimi nilipanda mahindi, ili Krismasi niwapelekee wakwe mahindi mabichi wakati kila mtu ana miche tu. Sifa, mwanangu. Kijana anaweza kuzila zikamshibisha.

Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno lake lilikaa kinywani mwa dada yake, shangazi yangu. Ndiye aliyeshuka bondeni siku hiyo. Hakusifu kitu. Aliinama akashika jani moja lenye milia myeupe, myembamba, iliyonyooka kama imechorwa kwa ncha ya sindano. Akalitikisa, na vijidudu vidogo kama punje za ulezi vikaruka huku na huku.

"Haya uyang'oe leo," akasema. "Yote, uyachome. Mvua ikinyesha, hawa wadudu watapanda mlimani kwa mama yako."

"Shangazi, ni mashina machache tu. Yamekosa samadi."

"Kukosa samadi hakuchori mistari, we kijana. Mimi nimeona njaa ya milia, wewe hujaiona."

Nikaitika, "Ndiyo, shangazi," kwa adabu zote. Akapanda zake mlimani, nami sikung'oa hata shina moja. Niliyaonea huruma, mengine yalishaanza kutoa mbelewele. Badala yake nikayabebea samadi, vikapu kwa vikapu, mpaka mgongo ukaniuma.

Mvua zikaja. Mama akapanda mahindi yake mlimani, juu tu ya kinyungu changu. Krismasi nikachagua mahindi mazima, nikawapelekea wakwe. Baba mkwe alitafuna, akacheka, akaniita mkulima. Nilirudi nyumbani natembea kama mtwa, chifu mwenyewe.

Wiki hiyohiyo mama aliniita shambani. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini yakagoma hapo, na kila jani lina milia. Mama hakunigombeza. Alichuma jani moja, akaniwekea mkononi, kisha akarudi kupalilia. Alipalilia mahindi ambayo alijua hayatazaa, mwanangu, na hilo ndilo nimeshindwa kulisahau.

Shangazi alipofika, alisema neno moja tu. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Wewe umechelea mahindi, na anayelia ni mama yako."

Tulivuna magunzi. Mama alikuwa ameweka kihenge cha ulezi kwa pombe ya harusi yangu (mchungaji alijua, ila alijifanya haoni). Ulezi ule tukausonga ugali, siku baada ya siku, mpaka nikaona sakafu ya kihenge. Wakwe wakasikia kwamba ghala letu ni tupu. Wakarudisha majembe yetu ya posa, bila tusi. Anna akaolewa kwingine. Sikuwalaumu, kwani nani atampeleka binti yake kwenye njaa? Lakini nilimpenda, na bibi yako, niliyemwoa baadaye, alilijua hilo, Mungu amrehemu.

Siku hizi bwana shamba anatueleza kwamba ule ni ugonjwa wa virusi, wadudu wanaunyonya kwenye majani pori na mahindi ya kiangazi, kisha wanaupeleka kwenye miche mipya. Sawa. Shangazi hakujua jina lake, ila dawa aliijua.

Sasa nisikie. Kwenye mahindi yako ya bondeni nimeona mashina yenye milia, na juu yake shamba la mkeo limeanza kuota. Yang'oe yote leo, uyachome, na majani ya kingoni uyafyeke. Mwakani panda na wenzako, mvua ya kwanza. Na mkubwa akikuambia jambo, usimjibu "ndiyo" ya mdomoni. Afadhali ubishe, atajua hujasikia.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kung'oa unachokipenda kabla hakijala chakula cha unaowapenda. Akuepushie kuwekewa jani lile mkononi. Jembe langu liko nyuma ya mlango, lichukue.