Zipu ya Gauni la Rehema

Usiku ule mambo yalikuwa hivi: gauni la harusi la mdogo wangu Rehema, kazi ya mwisho ya mikono ya marehemu mama, lilikuwa mapajani mwangu, zipu yake imekwama katikati ya mgongo, haipandi wala haishuki. Ndoa ilikuwa saa nne asubuhi, na Rehema alikwisha kuapa kwamba hatavaa jingine. Nilikuwa nimejaribu sabuni, mshumaa na ncha ya penseli. Shangazi alishauri mafuta ya nazi, nikayapaka.

"Unaibembeleza kama mume aliyenuna," alisema. "Ivute."

Niliivuta kwa koleo. Shangazi alipokwenda kulala, nikasinzia papo hapo kitini, nikiona aibu hata kulia.

Nikajiona barazani kwetu. Gurudumu la cherehani ya mama lazunguka bila mkanda, naye ameketi nyuma yake, miwani puani, hanitazami. Kisha pale barazani panakuwa wodini alikofia. Gauni limekuwa shuka lake. Nalivuta, na kila nivutapo mama anateleza ukingoni mwa kitanda. Mikono yangu haikubali kuliachia.

"Acha kuvuta, mwanangu," anasema. "Na nani kalipaka nazi? Mlitaka kulipika?"

Anapitisha ukucha chini ya kichwa cha zipu, anaitoa bitana iliyotafunwa mle, uzi mmoja mmoja, na zipu inashuka. Nataka kufurahi. Anatikisa kichwa, ananionyesha pengo: meno mawili nimeyang'oa mimi kwa koleo.

"Hii haifungi tena. Mshonee mwilini."

Namkumbusha kwamba ni yeye aliyetukataza tangu utotoni. Kwamba nyumbani kwetu nguo haishonwi mwilini mwa mtu, ila awe maiti.

"Nilikataza mimi," anasema. "Na maiti ni mimi. Yeye anaolewa. Mshonee."

Nikanyoosha mkono nimguse; nikaamka nimeshika ukingo wa meza, kumepambazuka. Niliitafuta bitana kwa ukucha, ikatoka. Meno mawili hayakuwapo.

Saa tatu Rehema alisimama akanipa mgongo. Nilimweleza niliyoambiwa, akasema, "Shona, dada." Shangazi alitoka nje ili asione. Nilishona kutoka kiunoni hadi shingoni, nikamchoma mara moja tu. Aliolewa saa nne, na jioni nikamfumua mwenyewe.