Kwenye Mashine, Mama Yuko Hai

Niliingia maktaba mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na minane, na sikwenda kusoma. Nilikwenda kuthibitisha kwamba mama yangu alikufa.

Mdogo wangu alikuwa amepata nafasi ya chuo. Maombi ya mkopo wa serikali yalikuwa yanafungwa Ijumaa hiyo, nayo hufanywa kwa mtandao tu. Bila mkopo hakuna chuo. Watu wa kituo tunachopeleka majani ya chai kupimwa waliniambia niende maktaba ya mjini, kuna kompyuta, na mama wa maktaba husaidia watu bila kuwafokea.

Ukutani paliandikwa KIMYA, lakini kelele ilikuwa kama ya soko la Silibwet. Mmoja anataka cheti cha tabia njema, mwingine leseni. Vitabu vilikuwa nyuma ya foleni. Nilivitazama kwa hasira. Niliacha shule darasa la saba, wakati ningali navitamani, na sasa navifikia huku vidole vyangu vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai.

Mama wa maktaba alimfungulia mdogo wangu fomu. Ikauliza: mama yuko hai au amefariki? Nikatoa karatasi yangu kwenye leso. Baba alifia hospitalini, cheti chake tulipewa. Mama alifia nyumbani, naibu wa chifu akaniandikia karatasi, tukazika. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliipeleka Silibwet ikatiwa plastiki isiharibike, nikaificha chini ya godoro miaka yote hiyo. Nyumba ilipovuja, niliiokoa kabla ya blanketi.

Aliigeuza mara mbili. "Dada, hiki si cheti cha kifo. Hiki ni kibali cha kuzika. Ulitakiwa kukipeleka kwa msajili, akupe cheti."

"Hakuna aliyeniambia."

"Najua. Wengi huja hapa nacho." Akaandika namba ya kitambulisho cha mama, akasoma, akashusha sauti. "Kwa serikali, mama yenu bado yuko hai."

Mzee aliyekuwa nyuma yetu akacheka hadi akakohoa. "Mimi pensheni yangu inasema nilikufa! Mpatieni huyo mama kaburi langu, mimi nichukue uhai wake."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, na bado sijajisamehe.

"Cheti kinaweza kutoka Ijumaa?" nikauliza.

"Kifo cha zamani hivi? Barua ya chifu, mashahidi, kiapo. Hapana, dada."

Ndipo mdogo wangu akaninong'oneza, "Bonyeza yuko hai. Si kitambulisho chake tunacho? Wanataka hicho tu."

Mama wa maktaba akajifanya anapanga karatasi.

"Siwezi," nikasema.

"Ni kubonyeza tu, dada! Nani ataumia?"

"Mimi niliacha shule kwa sababu alikufa. Ukiandika yuko hai, mimi niliacha kwa sababu gani?"

Yeye alikuwa na miaka minne tulipomzika mama. Kilio anachokumbuka ni changu. Nikabonyeza mwenyewe AMEFARIKI, kwa kidole changu cheusi. Fomu ikadai cheti, ikakataa kusonga mbele. Tulikaa tukiitazama mpaka mzee akasema kwa upole, "Mama, wengine pia tuko hapa."

Siku hiyohiyo tulianza maombi ya cheti kwenye kompyuta ileile. Nilikwenda kwa chifu mara tano. Ijumaa ilipita. Nafasi ya chuo nayo ikapita.

Miezi miwili baadaye mama wa maktaba aliniita, akanichapishia cheti. Jina la mama, siku yake, mahali pake, na muhuri. Alitaka kukitia plastiki, maktaba ina mashine yake. Nikamwambia hapana. Nilikikunja nikakitia mfukoni.

Mwaka huu mdogo wangu anachuma chai mstari wa pili kutoka kwangu. Ana mkono mwepesi kuliko wangu, na wenzetu humsifu. Maombi yakifunguliwa tena tutarudi maktaba, na cheti tunacho. Nimemwambia hivyo mara nyingi. Yeye huendelea kuchuma, na tukifika mwisho wa mstari hugeuka kabla sijamfikia.