Zamu ya Odera

Warigia wa kuchapa, ndivyo watu wa Kapsoya wanavyomjua. Ukitaka kadi ya harusi, ukitaka programu ya mazishi, utampata kibandani mwake, amenyamaza kama mwenye jino bovu. Lakini msichana huyu, jameni, tangu sekondari anaandika na rafiki yake Odera riwaya ya vita vya miaka mia ijayo! Sura moja yeye, sura moja Odera, na sharti lao ni moja: hakuna kumgusa askari wa mwenzako. Warigia ndiye aliyebuni droni zisizolala, zinazomtambua mtu kwa joto la mwili. Kazi ya Odera ilikuwa kuwatorosha askari wake. Kila mara alipata njia, mjanja yule.

Halafu ajenti mmoja, laana imshukie, akamwahidi Odera kazi ya ulinzi ng'ambo. Kufika, akavishwa gwanda, akapewa bunduki, akasukumwa vitani. Sauti yake ya mwisho kwenye simu ilisema, "Wari, zile droni zetu ziko huku. Haki, ziko." Tangu hapo, kimya. Riwaya imekwama kwenye zamu yake.

Sasa Mama Emmaculate, mamake Odera, akaja na picha ya mwanawe. Alitaka programu ya mazishi. Wazee walikuwa wameamua: maiti hakuna, basi litazikwa tunda la mti wa yago mahali pake, vile Wajaluo humzika aliyemezwa na ziwa.

"Mama, na akirudi?"

"Tukishamzika, hata akirudi hai hawezi kuingia bomani. Ni mwiko."

"Si basi mngoje!" Warigia akalia waziwazi, wateja wakimtazama.

Mama akaketi. "Kwa kitabu chenu, askari wake yuko wapi?"

"Kwa handaki. Droni ziko juu yake."

"Mtoe. Ukimtoa, nitampigia mzee wa ukoo simu nimwambie tungoje."

Warigia akavunja sharti, akaandika. Akampitisha mtoni, droni zikamwona. Akampaka matope, akamlaza katikati ya ng'ombe, wapi! Alikuwa amezitengeneza vizuri mno. Mama alingoja, simu mkononi.

Vidole vikasimama.

"Mama," akasema, "sijui pa kumficha."

Mama Emmaculate akarudisha simu kwa mkoba. "Basi weka hiyo picha katikati," akasema, "na uifanye kubwa."