Kunde za Fundi

Mke wangu aliporudi kwao mlimani aliacha neno moja tu: nikiacha pombe, ndipo tutaongea. Mama muuza chai pale sokoni Same, aliyechoka kuiona mikono yangu ikitetemeka juu ya mizani ya tangawizi, akaniambia, "Dalali, Alhamisi saa kumi, darasa la nyuma ya kanisa. Wanaoacha pombe wanakutana pale. Ni bure." Kitu cha bure huwa nakishuku. Nilipita mlangoni mara mbili kabla ya kuingia.

Tulikuwa tisa, kumi ukimhesabu mwenyekiti, nesi mstaafu. Kila mtu ana chupa ya plastiki. Kila siku uliyoimaliza bila kunywa, unatia punje moja, na Alhamisi unakuja nayo na kutaja idadi. Mimi nilichagua maharage makubwa, chupa ijae upesi.

"Unamuuzia nani?" nesi akaniuliza.

Wiki mbili baadaye akaja fundi ujenzi, mwenzangu wa zamani wa kilabuni. Mke wake naye alikuwa amemkimbia. Yeye alitumia kunde, ndogo, hata chini ya chupa hazikufunika. Sikumbuki kufurahia kuonana na mtu kama siku ile. Nilipofika ishirini na sita yeye alikuwa na kumi na mbili. Nilizihesabu alipozitaja, nikazihesabu tena alipotoka kwenda haja.

Ndipo nikaitwa kusindikiza posa ya binamu yangu. Kwetu anayepeleka dengelua, ile pombe ya miwa, huionja kwanza mbele ya wakwe, waone haina sumu. Kata nikapewa mimi. Nikaonja ya juu. Nikaonja na ya chini, maana sumu yaweza kutuama.

"Ile ilikuwa mila, si ulevi," nilimwambia nesi Alhamisi. "Nitoe punje tano."

"Mila ilikurudisha nyumbani kwa miguu yako mwenyewe?"

"Basi kumi."

Akaichukua chupa, akaimimina yote kwenye mfuko wa kaki. "Haya utayapika. Kesho anza na moja."

Watu wakacheka. Fundi hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Tangu hapo sikuwa na raha. Mke wa fundi alirudi. Kila Alhamisi alimngoja nje, akimpangusa saruji kwenye kola kama anayefuta vumbi kwenye kabati jipya. Shati la fundi lilikuwa na mstari wa pasi kila mkono. La kwangu nilikuwa nalilalia chini ya godoro linyooke. Nilijiambia mtu huyu anadanganya, hakuna anayejua alalavyo. Nikauliza kilabuni, nikiwa nimesimama barabarani, nisiingie. Hakuna aliyekuwa amemwona.

Halafu baba mkwe akapiga simu: njoo Jumamosi, ulete dengelua kama inavyopasa, tumzungumzie mkeo. Ndugu zangu wa kunionjea hawakuwa wakipokea tena simu zangu. Nikamwendea fundi.

"Wewe mkeo ulimrudishaje bila kuonja?"

"Nilisema kweli mlangoni, kabla sijavua viatu."

"Wakasemaje?"

"Sikusikia, nilikuwa natetemeka. Twende, nitakusaidia kubeba."

Walevi wawili tukapanda mlima na dumu la lita ishirini za pombe. Tulibeba kwa zamu, hatua mia kila mmoja. Za kwake nilizihesabu mimi.

Asubuhi ile nilikuwa na arobaini, yeye hamsini na tisa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Mzee akachota, akaninyooshea kata. Harufu ikafika kabla yake.

"Baba, nikiionja hii, mwanao asishuke na mimi. Leo wala siku nyingine."

Mzee akaitazama kata, akanitazama mimi, kisha akainywa mwenyewe hadi mwisho. "Kama ina sumu," akasema akifuta ndevu, "basi umeleta msiba pamoja na pombe yake. Kaeni."

Mke wangu akatoka jikoni. Akaanza na fundi. "Shemeji, umependeza. Ngapi sasa?"

"Hamsini na tisa."

Kisha akanigeukia. "Na wewe?"

"Arobaini."

"Ukifikisha za shemeji, nitashuka."

Nimeuza tangawizi miaka mingi, mtego naujua. Kila siku nikitia moja, naye anatia moja. "Zake za leo, au zake za siku hiyo?"

Kidogo acheke. "Za leo."

Tukiteremka fundi akasema, "Umepatana vizuri." Nilikuwa nawaza kwamba mke wangu angesema za siku hiyo, ningehitaji mtu huyu anywe.

Alhamisi iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Saa kumi ikapita, na robo. Nikasikia furaha ndogo, ile ya kuambiwa lori la dalali mwenzako limekwama njia ya Kisiwani, na ikanichefua kuliko dengelua yoyote niliyowahi kutapika. Nikaanza kutazama mlango. Nikaenda kusimama hapo.

Akaja akikimbia, saruji mpaka magotini, chupa kwapani. "Zege halingojei mtu," akasema.

Nikamvutia kiti karibu na changu. Akataja sitini na nne. Nikaichukua chupa, nikazihesabu, nikazihesabu tena. Zilikuwa sitini na nne. Zangu zilikuwa arobaini na tano.